Udongo wa Yadi ya Ngozi: Kisa cha Kusafisha Kiwanja Kando ya Korongo Mkoani Dodoma

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wahandisi, maofisa mazingira wa halmashauri na yeyote anayetaka kununua kiwanja kilichowahi kuwa na kiwanda. Majina ya watu, kampuni, mtaa na korongo yameachwa, na vipimo vya eneo vimeviringishwa ili pasitambulike.

Usuli

Kiwanja ni cha ekari tatu hivi, na kimekaa kwenye mteremko unaoishia ukingoni mwa korongo. Mtu wa pwani akisikia mto hufikiria maji. Mto wa Dodoma ni mchanga. Mvua ya mwaka mzima ni milimita 550 hadi 600 hivi, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Maji hupita juu ya mchanga siku chache, kisha yanazama. Lakini hayaendi mbali. Kiangazi chote akina mama hufukua vishimo korongoni, husubiri maji yajichuje, huteka kwa kata na kujaza madumu. Chini kidogo ya kiwanja hiki palikuwa na vishimo vinne vya namna hiyo, na kimoja upande wa juu. Taarifa ya kwanza ya mradi haikuvitaja hata kimoja.

Enzi za mkoloni palikuwa na banda la ngozi. Wafugaji walileta ngozi za ng'ombe na mbuzi, zikawambwa, zikakaushwa kivulini, zikafungwa marobota na kupakiwa kwenye treni kwenda bandarini. Miaka ya 1970 pakaongezwa mapipa makubwa ya mbao ya kulainishia ngozi kwa chumvi ya kromiamu. Ngozi iliyotoka humo ilikuwa ya buluu, na tope lililomwagwa nyuma ya ukuta lilikuwa la buluu pia. Miaka ya 1990, mashirika mengi ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa au kufa, kazi ilisimama. Baadaye eneo likawa gereji, kisha yadi ya vyuma chakavu. Mpangaji mmoja wa katikati alichoma mabaki ya ngozi kwenye shimo la chokaa la zamani ili apate nafasi ya kuegesha magari. Moto ule utarudi mbele katika kisa hiki.

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, viwanja vilipanda bei hata pale ambapo zamani hakuna aliyepatazama. Mmiliki mpya alinunua akiwa na mchoro mkononi: fremu za maduka mbele, nyumba za kupangisha nyuma. Alikagua hati, akakagua mipaka. Udongo hakuuliza, na kwa kweli hakuna dalali anayeuzungumzia.

Taarifa ya kwanza na kazi iliyofuata

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilimlazimu kufanya tathmini ya athari kwa mazingira, na kwa sababu ya historia ya kiwanda akatakiwa kupima udongo. Mshauri wa kwanza aligawa eneo katika miraba, akachukua sampuli za juu juu kila mraba, akaomba maabara ipime kifurushi cha kawaida cha metali nzito: risasi, kadmiamu, zebaki na kromiamu kwa jumla. Kromiamu ilionekana nyingi penye mapipa na penye tope la buluu. Mengine yote yalikuwa chini.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu "kromiamu kwa jumla" ni jibu lisilotosha. Wakemia hutofautisha kromiamu ya tatu na kromiamu ya sita. Ya tatu ndiyo inayotumika kulainisha ngozi. Haiyeyuki kirahisi na hung'ang'ania udongo. Ya sita huyeyuka, husafiri na maji, na husababisha saratani, hasa vumbi lake likivutwa. Tope la buluu lililokaa miaka thelathini ardhini kwa kawaida ni la ile ya tatu. Lakini ukichoma mabaki ya ngozi pamoja na chokaa, hewa ikiwa ya kutosha, sehemu ya kromiamu ya tatu hugeuka ya sita. Kwa hiyo rundo la majivu meupe nyuma ya gereji, ambalo halikuwa na rangi ya kutisha wala harufu, lilikuwa na hatari kuliko tope la buluu ambalo kila mtu aliliogopa. Majirani walishachota majivu hayo kupakia kuta.

Mshauri alipendekeza njia ya bei nafuu: chimba tope, changanya na samadi, sambaza upya, mengine peleka dampo. Wazo la samadi halikuwa la kijinga. Vitu vinavyooza huirudisha kromiamu ya sita kuwa ya tatu, na Dodoma haina uhaba wa samadi. Mkandarasi aliingia Juni, akaleta kijiko na tipa, akamwaga samadi kwenye ukanda mzima unaoteremka kuelekea korongoni.

Kisha yakatokea ambayo hayakuwa kwenye mchoro wowote. Anayejenga Dodoma anajua kwamba kifusi ni bidhaa. Tipa likitoka saiti likiwa limejaa, halifiki dampo. Njiani kuna mtu anainua mkono, ana kiwanja chenye shimo. Safari kadhaa ziliishia hivyo, na hakuna aliyeandika kitu.

Kazi iliposimamishwa

Kijiko kilipofumua shimo la chokaa, harufu ya mayai viza ilifika hadi shule ya jirani. Ni kemikali za kunyonyoa manyoya zilizokuwa zimefunikwa. Wazazi walilalamika kwa mwenyekiti wa mtaa, bwana afya akaja na mtendaji wa kata, kazi ikasimama. Mmiliki aliudhika, na inaeleweka, riba ya benki haisimami. Hata hivyo alikubali kuita timu ya pili, ambayo mwandishi alikuwamo.

Kabla ya kuchukua sampuli hata moja tuliomba kuonyeshwa watu waliowahi kufanya kazi pale. Mwenyekiti alitupeleka kwa mzee mmoja aliyeanza kibarua bandani akiwa kijana. Tulimsalimu Kigogo, mbukwenyi, akacheka matamshi yetu, akachukua fimbo na kutufuata hadi kiwanjani. Mapipa aliyapita bila kuyatazama. Alishuka hadi karibu na ukingo, akagonga chini kwa fimbo mpaka ikalia saruji.

"Nyie wanangu mnatafuta ya mapipa," alisema. "Ya mapipa ni ya juzi. Ya birika hamjauliza."

"Birika la nini, babu?"

"La dawa. Ngozi ilichovywa hapa kabla ya kuanikwa, isiliwe na wadudu. Mbuzi akilamba hapa, jioni humwoni."

Dawa yenyewe ilikuwa aseniki. Katika biashara ya ngozi kavu za Afrika Mashariki, kuchovya ngozi kwenye maji ya aseniki dhidi ya wadudu watoboao ngozi ilikuwa kazi ya kawaida kwa miaka mingi, kama ilivyotumika pia kwenye majosho ya zamani. Aseniki ni elementi, haiozi wala haiishi kwa kukaa. Taarifa ya kwanza haikuiona kwa sababu haikuiulizia: kifurushi cha bei ya kawaida hakina aseniki, kwani mashine za kawaida za maabara zinazotumia mwali wa moto haziipimi vizuri, hivyo hutozwa peke yake.

Tulichokuta

Tulichimba mashimo ya uchunguzi kuzunguka birika, kwenye njia ya matone kutoka birikani hadi kwenye vichanja vya kuanikia (mzee alituchorea), penye majivu, na upande wa juu wa korongo ambako kiwanda hakijawahi kufika. Mashimo haya ya mwisho ndiyo yaliyotuokoa na ubishi. Udongo mwingi duniani una aseniki kidogo kwa asili, miligramu chache kwa kilo, na wa upande wa juu ulikuwa hivyo hivyo. Penye birika vipimo vilipanda hadi mamia.

Mashine ya mkononi ya kupima metali kwa mionzi ya eksirei ilisaidia kufuata mipaka ya uchafu haraka, lakini siku ya kwanza ilitupa risasi nyingi penye birika. Mashine hutambua kila elementi kwa mistari yake katika mionzi hiyo. Mstari mkuu wa aseniki na mmoja wa mistari mikuu ya risasi karibu unalaliana, na mashine isiporekebishwa huchanganya. Maabara ilisema risasi ni kidogo, aseniki ni nyingi. Wanaokodi mashine hizi siku hizi wakumbuke hilo, na wakumbuke pia kwamba haiwezi kutofautisha kromiamu ya tatu na ya sita.

Majivu tuliyaloweka kwenye ndoo na kuyachuja. Maji yalitoka ya manjano angavu. Hiyo ndiyo rangi ya kromiamu ya sita, na ikifika kuonekana kwa macho si ya kubahatisha.

Kati ya vishimo vinne vya chini, kile cha karibu na birika kilizidi kikomo cha aseniki cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 0.01 kwa lita. Vitatu vilikuwa chini ya kikomo, na kile cha juu kilikuwa safi.

Ndipo samadi ilipogeuka tatizo. Dawa ya kromiamu ya sita ni sumu kwa mpango wa aseniki. Aseniki hukaa ardhini kwa kushikamana na kutu ya chuma iliyomo kwenye udongo mwekundu. Samadi huleta fosfeti, inayogombania nafasi hizo hizo, na ikilowa mpaka hewa ikaisha, kutu yenyewe huyeyuka na kuiachia aseniki. Samadi ya mkandarasi ilikuwa imemwagwa mpaka juu ya birika, na mvua ilikuwa inakuja Desemba.

Maamuzi

La kwanza lilikuwa maji ya watu, na halikuhitaji mhandisi. Kishimo kilichozidi kikomo kilifukiwa siku hiyo hiyo, mmiliki akalipia boza la maji kwa kaya zilizokitegemea. Bwana afya alipita nyumba kwa nyumba kueleza kwamba kuchemsha hakuondoi aseniki. Maji yakipungua jikoni, sumu inabaki ile ile kwenye maji machache. Dawa ya klorini nayo haisaidii. Maelezo haya yalikuwa magumu kupokelewa kuliko tulivyotarajia, kwa sababu kwa miaka mingi watu wamefundishwa kwamba maji yaliyochemshwa ni salama.

La pili ni kukwangua ukanda wote wenye samadi kabla ya kitu kingine chochote.

La tatu ndilo lililobishaniwa zaidi: udongo mbaya uende wapi? Mmiliki alitaka utoke wote. Ni hamu ya kila mmiliki. Lakini dampo la kisasa la jiji, Chidaya, limejengwa kwa taka za kawaida, na kusafirisha udongo wa aseniki kwenda mbali ni taka hatarishi barabarani, yenye vibali vyake na bei yake. Makadirio ya kuhamisha kila kitu yalikuwa karibu mara tatu ya njia nyingine. Na tulikuwa tumeshaona tipa linavyofanya.

Tuliamua udongo ubaki, lakini uhame: utolewe chini ukingoni, uimarishwe, uzikwe kwenye sanduku lililotandikwa udongo wa mfinyanzi na plastiki nzito upande wa juu kabisa wa kiwanja, chini ya mahali pa kuegesha magari. Sheria inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo ule ukanda wa birika mmiliki asingeujenga kihalali kwa vyovyote. Hilo lilipunguza uchungu wa kuupoteza.

Kuimarisha kulifanywa kwa salfeti ya chuma. Uzuri wake ni kwamba inatibu vyote viwili: huirudisha kromiamu ya sita kuwa ya tatu, na kutu inayozaliwa huikamata aseniki. Ubaya wake ni kwamba ikikaa hewani hupoteza nguvu, na penye chokaa nyingi huisha upesi zaidi. Kwa hiyo tulijaribu kwanza kwenye ndoo za lita 20 zilizopangwa chini ya turubai, kila moja kipimo chake. Ndoo ya majivu isiyotiwa kitu iliendelea kutoa maji ya manjano. Iliyotiwa kidogo yakafifia kisha siku ya pili yakarudi. Iliyotiwa ya kutosha yakatoka meupe na kubaki hivyo, huku majivu yakigeuka kahawia. Mpangilio nao ulikuwa na maana. Chuma kwanza, subiri, pima, ndipo saruji kidogo ya kugandisha. Fundi mmoja alipendekeza tuchanganye vyote pamoja kuokoa muda. Ndoo yake ilitoka manjano.

Kazi ilifanywa Septemba na Oktoba, korongo likiwa kavu. Upepo wa miezi hiyo Dodoma kila mtu anaujua, na vumbi la aseniki ni la kuogopwa kuliko tope lake. Kuchimba kulianza alfajiri na kusimama upepo ukishika, udongo ukinyunyizwa maji ya boza. Vibarua walipewa gambuti, glovu na barakoa, nguo za kazi zikibaki saiti. Barakoa ndizo zilizotushinda. Jua likipanda zilishuka shingoni, na kilichosaidia kidogo ni kufupisha zamu.

Kifusi kilichouzwa

Kazi ya kufuatilia kifusi kilichouzwa njiani ilifanywa na mtu mmoja, mwenyekiti wa kijiwe cha madereva wa tipa, na bila yeye isingefanyika. Madereva waliogopa polisi. Yeye alikaa nao, akarudi na orodha ya viwanja kwa kumbukumbu zao tu: kwa mama muuza mkaa, nyuma ya kanisa, penye mbuyu uliokatwa.

Tulipima kila tulipoonyeshwa. Kwingi palikuwa na tope la buluu, kromiamu ya tatu, chini ya sakafu ya zege. Tuliacha, kwa maandishi na kwa maelezo kwa mwenye nyumba. Mahali pamoja kifusi kilikuwa kimetandazwa bustani ya mchicha, na kilitoka karibu na birika. Kilikwanguliwa chote, mchicha uking'olewa, mwenye bustani akilipwa. Safari mbili hazikupatikana hadi leo. Dereva aliyezipeleka alikuwa ameshahama mji.

Matokeo

Mvua ya kwanza ilikuja mapema kuliko kalenda, wakati rundo moja la udongo wa aseniki lilikuwa bado halijaingizwa kwenye sanduku. Turubai lilikuwapo, lakini kizingo cha udongo upande wa chini kilibomoka, na sehemu ya rundo ikaingia korongoni. Mchanga wa pale ulikwanguliwa siku iliyofuata, na vipimo vya baadaye vilionyesha alama ndogo kwa umbali mfupi. Sanduku lilifungwa, likafunikwa na kuwekwa lami.

Kisima cha uangalizi kilichimbwa kati ya birika na korongo. Ukilinganisha vipimo vya kabla na baada ya msimu uliofuata wa mvua, aseniki ilishuka lakini haikufika ilivyo upande wa juu. Sehemu yake imekwishazama kwenye mchanga na itatoka polepole. Vishimo vitatu vinaendelea kutumika kwa kufulia na kunyweshea mifugo, na wafyatua tofali wamezuiwa kuchimba pale. Kaya nyingi zimeunganishwa maji ya bomba.

Kilichofaa na kilichokwama

Kilichofaa kuliko vyote kiligharimu nauli na soda: kumtafuta mzee kabla ya kupanga sampuli. Miraba iliyopangwa sawasawa hupendeza kwenye ramani, ila birika lenye upana wa mita chache hupenya katikati ya miraba bila kuguswa, na hata kama lingeguswa, maabara isingetaja isichoulizwa. Majaribio ya ndoo nayo yalilipa. Yalichelewesha kuanza, mmiliki akanung'unika, lakini yalizuia kufanya kosa la mchanganyiko kwa tani nyingi.

Kilichokwama ni ratiba. Sampuli za aseniki zilikwenda maabara nje ya mkoa, majibu yakachukua muda, vibali vikafuata mwendo wake, na kiangazi cha Dodoma kikaisha. Mwenye kazi kama hii apeleke sampuli Aprili mvua zinapokatika, badala ya kusubiri mpaka kijiko kiwe getini. Na kila tipa litoke na karatasi yenye saini ya anayepokea mzigo, hata kama mkandarasi ni ndugu yako.

Suala la nani alipe lilibaki na uchungu. Sheria ya 2004 inaitambua kanuni ya mchafuzi kulipa, lakini hapa mchafuzi alikuwa shirika lililokwishafutwa na mpangaji asiyejulikana aliko. Mmiliki alilipa yote, na tunadhani angelipa kidogo sana kama angepima udongo kabla ya kununua, kwa maana bei yenyewe ingeshuka.

Hati ya kiwanja haina neno lolote kuhusu sanduku lililo chini ya maegesho. Ramani yake imo kwenye faili la mmiliki, na nakala ilipelekwa halmashauri. Kiwanja kikiuzwa kesho, mnunuzi atakayefanya upekuzi wa ardhi ataona jina, ukubwa na rehani kama ipo. Ramani ya sanduku ataipata akijua kuiomba.